Karatasi za Chini

Mpendwa Shangazi Zuhura,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini sijawahi kuanza kusema nawe bila shikamoo, na sioni kwa nini nianze leo kwa sababu tu umetutangulia.

Nina habari moja ya kukupa. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba tangazo husomwa mara mbili: mara ya kwanza haraka, ili mtu ajue kama linamhusu, na mara ya pili polepole, ili alielewe. Basi haraka ni hivi: ile karatasi ya Kadzo imepatikana. Sasa kaa, nikusomee polepole.

Unaikumbuka sebule yako pale Shela, Malindi, miaka ya themanini ilipokuwa inaanza. Ulikuwa umestaafu upigaji chapa, lakini miguu yako haikujua kustaafu. Kila Alhamisi ulivaa buibui, ukapita ofisi moja baada ya nyingine kuomba nakala za matangazo mapya, ukarudi na kifurushi kwapani na kuyabandika ukutani. Watu wakaja. Walikuja wenye mashamba kutoka Ganda, wakaja wafanyakazi wa mahoteli waliotoka bara wakitaka kujua habari za shule za watoto wao, wakaja kina mama na kadi za kliniki. Wote uliwasomea, wote ukawapa chai ambayo, nisamehe, ilikuwa sukari tupu. Na hakuna aliyeruhusiwa kuondoka mpaka akueleze yeye mwenyewe alichosikia.

Ulikuwa na desturi yako moja ambayo sikuiona kwa mtu mwingine. Utaratibu ulipobadilika, hukulitoa tangazo la zamani. Uliliweka jipya juu yake, ukachukua sindano na uzi wa zile kofia ulizokuwa ukishona, ukayapiga mshono pembeni, mara tatu. Ukilifunua la juu, unaliona la jana. Ukilifunua la jana, unaliona la juzi. Mengine yalikuwa yamenenepa kama mkate wa kumimina.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na minane, nimemaliza kidato cha nne na kozi ya kupiga chapa, na kichwa kimenijaa. Niliuonea haya ule ukuta wako. Nilikwambia, "Shangazi, hizi za chini zinachanganya watu. Sheria iliyokwisha kufa ya nini?"

Ukajibu bila kuinua macho kwenye kofia, "Ziache. Hazili wali."

Kisha dada yako akaugua Mombasa, ukaenda kumuuguza wiki mbili. Nikaona wakati wangu umefika. Nilitaka urudi ukute ajabu, Shangazi. Wallahi nilitaka kukufurahisha. Nilizibandua karatasi zote, nikafumua nyuzi kwa wembe, nikapaka ukuta chokaa. Nikaugawanya sehemu nne, ardhi, shule, afya na bahari, kila moja na kichwa chake kilichopigwa chapa kwa utepe mwekundu. Kila jambo likapata karatasi moja tu, ile ya mwisho. Nikaandika kadi kwa kila tangazo, nikazipanga kwa alfabeti ndani ya boksi la viatu. Mtu angeweza kuingia, akatafuta neno lake, akaona na kuondoka, hata chai asinywe.

Za chini zilikuwa rundo kubwa. Nilimpa Mzee Badi, muuza bajia wa pale pembeni, naye akanishukuru kwa bajia sita.

Uliporudi ulisimama mlangoni, mkoba bado mkononi. Ukaangalia ukuta kwanza, halafu boksi. Ukasema, "Pamependeza." Nikaanza kutabasamu. Ndipo ukauliza, "Na za chini ziko wapi?"

Nilipokwambia, ulikaa kitini na buibui lako mwilini. Halafu ukasimama tukaenda kwa Mzee Badi. Maskini hakujua lolote. "Bi Zuhura," alisema, "karatasi nzuri sana zile, hazipitishi mafuta." Zilikuwa zimebaki tatu. Zote zilihusu leseni za mbwa.

Kadzo alikuja siku ya nne baada ya hapo. Ulikuwa ukimpenda, yule mama wa Kigiriama wa korosho, aliyekuwa akitua kapu lake mlangoni na kukutania kwamba wewe umesoma sana lakini hujui kukaanga. Mumewe alikuwa amefariki. Tangazo la kwanza lilisema mjane anaweza kuliandikisha shamba kwa jina lake mwenyewe. Kadzo alilisikia kwako, ukamjazia fomu, akatia dole gumba, akaipeleka. Miezi michache baadaye utaratibu ukabadilika: jina liwe la mwanamume wa ukoo wa mume. Shemeji yake akajitokeza na tangazo jipya mkononi. Akawaambia wazee wa kamati ya mashamba kwamba fomu ya Kadzo ni uongo mtupu, kwamba haijapata kuwako ruhusa kama hiyo kwa wanawake. Wazee wakawa waadilifu kiasi chao. Walimwambia Kadzo, lete hilo tangazo unalolitaja, tukiliona tutaihesabu fomu yako.

Kwa hiyo alikuja akicheka. Alijua mahali lilipo. Alikuwa ameliona kwa macho yake likishonwa chini ya lile jipya.

Mimi nilikuangalia wewe, nikingoja useme. Ukasema, "Mwambie wewe."

Nikamwambia. Kadzo aliangalia ukuta wangu mweupe, akaangalia vichwa vyangu vyekundu. Hakunitukana. Alisema tu, "Basi twende, mwanangu, ukawaambie na wao."

Tulikwenda watatu mbele ya kamati, wanawe wakiwa wametangulia. Wewe ulisimama ukaeleza kwamba ulilisoma tangazo lile kwa sauti yako, mara mbili, mbele ya watu. Mwenyekiti akakuheshimu, akakuita mama, akasema kila mtu anajua wewe na Kadzo ni marafiki, na maneno ya mdomo hayatoshi. Karani akasema yeye anayo karatasi moja tu, hii mpya, na ile nyingine haijui. Halafu nikaulizwa mimi, "Karatasi iko wapi?"

Nilisema ilifungiwa bajia.

Watu walicheka, Shangazi. Nilitamani ardhi inimeze. Shemeji alicheka kuliko wote, mpaka akajifuta macho, na hapo nikajua limekwisha. Kadzo alikaa mikono mapajani, anamtazama mwenyekiti, kama mtu anayesubiri aitwe jina lake. Hakuitwa. Kabla ya mwezi kwisha alikuwa amehamia kwa kaka yake Ganda, na mikorosho aliyoipanda na mumewe ikawa ya mtu mwingine. Kilichomuuma kuliko shamba, aliniambia njiani siku ile, ni kuitwa mwongo mbele ya wanawe.

Nilingoja unifukuze. Nilikwisha funga nguo zangu. Wewe uliingia chumbani na kopo lako la sindano, ukaniwekea mbele matangazo mawili, la wiki ile na la wiki iliyotangulia, ukasema, "Shona." Nilijichoma kidole mara ya kwanza. Ukasema, "Taratibu, hatufukuzwi." Hukulirudia jambo lile tena maisha yako yote, na mimi ningependa ungelirudia, ningependa ungenigombeza hata mara moja, kwa sababu kunyamaza kwako nilikuwa sijui nikuweke wapi.

Kazi yangu yote baada ya hapo ilikuwa kutunza kumbukumbu, katika ofisi hii na ile, na unajua kwa nini. Sasa nami nimestaafu. Mwaka jana kikundi kimoja cha vijana hapa mjini kiliniomba niwasaidie. Wana tovuti, yaani ukuta kama wako, ila huu mtu anaufungua kwenye simu. Humo wanaweka sera na kanuni za serikali ili mwananchi ajue kilichobadilika. Ilikuwa imezeeka, haieleweki, wakataka kuijenga upya, pamoja na hifadhidata yake, ambayo ndiyo boksi la viatu. Kiongozi wao ni mwanamke anayeitwa Nuru, hodari, anaongea haraka kuliko ninavyosikia. Siku ya kwanza tu aliniambia, "Bi Mariamu, haya matoleo ya zamani tuyafute. Yanachanganya watu."

Nilicheka, kisha nikalia kidogo, akaogopa akanifuatia maji. Nikamsimulia habari ya bajia. Naye alicheka, halafu akaacha kucheka. Sasa ukifungua kanuni yoyote katika tovuti ile, chini yake zipo zote zilizoitangulia, na kila moja imeandikwa siku iliyoanza na siku iliyokoma. Walinibishia kidogo juu ya rangi, nikawaachia. Rangi niliwahi kuzijua mimi, na uliona zilikonifikisha.

Tukaanza kuingiza makaratasi ya zamani. Yalitoka kila mahali, maboksi yaliyosahaulika, mengine yameliwa na mchwa nusu. Nuru anayapiga picha, mimi nayasoma na kusema ni ya jambo gani. Jumanne moja, saa nne asubuhi, tangazo lile likatokea kwenye kioo cha kompyuta. Nakala nyingine, safi, haijawahi kubandikwa popote. "Mjane aliyekuwa akilima shamba pamoja na marehemu mumewe anaweza kujiandikisha kwa jina lake mwenyewe." Lilikuwa na mhuri na saini. Nilimwambia Nuru, "Usiguse kitu," kana kwamba lingeruka.

Kadzo yu hai, Shangazi. Ni mkongwe, masikio yamepungua, wajukuu wanamwita hawe, kama Wagiriama wamwitavyo bibi. Nilimpelekea nakala kule Ganda. Nilimweleza wazi kwamba shamba halirudi, pale sasa pana nyumba za watu na shemeji mwenyewe alikwisha kufa. Akasema, "Shamba sikukuuliza. Soma."

Nikasoma haraka. Akawaita wanawe na wajukuu kutoka jikoni na uani, wakaja na mikono yenye unga, akasema, "Sasa polepole." Nikasoma polepole, kwa sauti uliyokuwa ukisomea wewe. Nilipomaliza, Kadzo akanigeukia, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Kwa hivyo sikudanganya?"

Nikasema, "Hukudanganya, mama."

Akamwagiza mjukuu kopo la maziwa lililokuwa chini ya kitanda. Ndani ilikuwemo fomu yake, ile uliyoijaza kwa mkono wako, na dole gumba lake limefifia. Miaka yote hii aliitunza fomu iliyokataliwa. Aliiweka juu ya tangazo, akazilinganisha pembe zake vizuri, halafu akanipa sindano iliyokwisha kutiwa uzi.

Nimeshona, Shangazi. Mara tatu, pembeni.

Lala salama. Chai yako siisahau.

Mwana wa nduguyo,
Mariamu