Wivu Wangu kwa Kavira

Mujukuu wangu Neema,

Nakusalimia toka mutaa wetu wa Mapendo. Tuko wazima, na mama yako amerudia kuuza samaki katika soko la Kituku.

Umeniuliza kama mukristo anaweza kupoteza wokovu. Nikiwa musichana, mudogo wangu Kavira aliacha kanisa, akaenda kuishi na bwana wa mutu miaka mine. Mimi nilibaki katika kwaya. Siku aliporudi, pasta alimukumbatia mbele ya watu wote, na wimbo niliozoea kuongoza mimi akapewa yeye. Aliimba huku analia. Mimi nilishikwa na wivu.

Kufika nyumbani nikamuuliza baba yetu, "Papa, Kavira si alishapoteza wokovu?"

Akanitazama. "Furaha, unauliza, ao unaomba iwe hivyo?"

Kweli nilitamani Mungu amutupe mudogo wangu. Miaka ile yote ya kuimba, sikujua kama nina moyo wa namna hiyo.

Jibu la wapasta mimi sina, Neema. Siku ile niliogopa kwa ajili yangu, si kwa ajili ya Kavira. Nikaenda kumwambia Kavira yote, na ni yeye aliyeniombea.

Mungu akulinde huko Kisangani.

Koko yako Furaha