Betri za Laptopu ya Mama

Nyumbani kwa mama, ghorofa ya tatu,
Kolomyia, Ukraine.
Jumatatu, 10 Februari 2025

Mpendwa dada Myrosia,

Pokea salamu zangu kutoka kwenye baridi hii. Hujambo? Mgongo umepoa, au yule bibi unayemtunza huko Brescia, Italia, bado unamnyanyua peke yako? Mimi mzima, ila kidole gumba nimekiunguza kwa chuma cha kulehemu. Jikoni ni nyuzi kumi na nne. Umeme tunapewa kwa saa nne, tunanyang'anywa kwa saa nne.

Simu zangu hupokei tangu mazishi, ndiyo maana barua hii nampa dereva wa basi dogo la vifurushi. Anaondoka Jumatano, Jumamosi atakuwa kwenye bustani mnapopokelea mizigo. Nilikukosea kusema mama anazikwa huku wewe unamwosha bibi wa watu. Lakini nawe, dada, umekaa huko miaka kumi na tisa. Aliyempandisha mama ngazi hamsini na nne kila siku ni mimi, na hukuwahi hata kuniuliza magoti yangu yakoje. Hilo tuliache. Lipo kubwa zaidi.

Uliagiza laptopu yake isiguswe. Niliigusa.

Desturi naijua. Kitu cha marehemu hakitoki nyumbani kabla ya siku arobaini. Nguo zake sikugusa, kikombe sikugusa, glasi ya maji na kipande cha mkate viko dirishani hadi leo. Ila betri niliiona si kitu cha marehemu. Niliiona kitu cha kazi. Ufundi huu sikufundishwa na mtu. Kiwanda cha mapazia kilipofungwa nilianza na bisibisi moja, na sasa pawabenki ninazotengeneza kwa betri kuukuu za laptopu zimeenea nusu ya soko. Siwezi kuona betri nzima ikioza.

Basi siku ya tisa tangu afariki, tuliporudi kutoka kanisani, nililipasua ganda la betri ya laptopu yake. Ndani kulikuwa na betri ndogo sita za mviringo. Mbili zimekufa, nne zilisoma volti sawasawa, jambo ambalo kwa mashine ya miaka minane si la kawaida. Nikaziunga ziwe pawabenki, nikaweka kioo kidogo cha namba, nikachaji mpaka asilimia 98. Nikampa Bibi Yevdokia wa ghorofa ya chini, kwa kuwa simu yake huzima kila umeme ukikatika, na yuko peke yake.

Jumatatu iliyofuata alipanda ngazi kunirudishia kile kitu, akakiweka mezani kwa ncha za vidole.

"Chukua kitu chako, Stefa. Jana kimejiwasha chenyewe na sijakichomeka popote. Kimepata joto kama mkono wa mtu."

Nilimwambia joto ni mguso wa waya tu. Akanicheka.

"Wewe na volti zako. Betri zake ulizitoa wapi?"

Nilipomjibu, alifanya ishara ya msalaba, akashuka bila kuaga.

Kioo kilisoma 79.

Jumapili iliyofuata nilikaa nacho hapa jikoni, hakuna waya, hakuna simu. Saa kumi kamili alasiri namba ziliwaka. Nilikiwekea kipimajoto cha homa: 36 na nusu. Dada, namba ile sikuipenda. Saa kumi na dakika arobaini zilizimika. Kikawa 60.

Huhitaji nikukumbushe nani alikuwa akizungumza na nani kwenye laptopu ile, kila Jumapili, kuanzia saa kumi kamili, kwa dakika arobaini.

Nilipinga, unanijua. Nilibadilisha bodi yake yote ya umeme na kulehemu upya kila waya. Jumapili ya tatu, 41. Jana nilizitenganisha betri zote nne, kila moja peke yake, bila waya hata mmoja, nikazifungia kwenye lile bati la biskuti ulilotuma Krismasi. Saa kumi bati lilipata joto. Nilipoziunga tena, 22.

Kila mara ni kumi na tisa, haizidi wala haipungui. Na hakikubali kuchajiwa tena. Nimekiacha kwenye umeme siku nzima, hakijapanda hata moja. Simu yangu nayo nikiichomeka, hakitoi kitu. Hakimpi mtu mwingine.

Sasa hesabu ni hii. Zimebaki 22, zikitoka 19 zitabaki 3. Inatosha Jumapili moja tu, na Jumapili hiyo, tarehe 16, ndiyo siku yake ya arobaini. Baada ya hapo roho inaondoka. Jumapili nne amekaa anangoja, tatu kati yake mimi ndiye niliyekaa naye, lakini si mimi anayengojwa. Inaniuma, siwezi kusema haiumi. Miaka yote hiyo uji nilipika mimi, lakini nywele alichana kwa ajili yako.

Basi piga, dada. Saa kumi kwetu, saa tisa kwenu, kwenye namba yangu. Umeme utakuwa umekatwa, lakini simu yangu nitaichaji asubuhi. Mimi huna haja ya kuniamkia. Nitaiweka simu mezani karibu na kile kitu, nitatoka, nitakaa kwenye ngazi mpaka saa kumi na dakika arobaini.

Msalimie Zenoviya unayepanga chumba naye, na yule bibi wa Kitaliano pia, hana kosa. Bibi Yevdokia anakusalimu. Ile ngano ya kuchemsha na asali inayoliwa siku ya arobaini ataipika yeye. Mungu akulindie mgongo na akulete nyumbani salama.

Ni mimi mdogo wako, mwenye hasira na wewe na anayekupenda,
Stefa

Swali la kwanza la mama unalijua. Akiuliza kama umekula, mwambie umekula.