Gramafoni Aliyoirekebisha Mama

Kaka mpendwa,

Hatujambo, na safari hii nasema kweli. Paka wako kazaa kwenye kabati la viatu.

Ile gramafoni mpya uliyonichagulia, ya mabaki ya mbao, sikuinunua. Usinune. Fundi redio alikuwa na moja kuukuu. Akabadilisha mkanda na sindano tu, ikazunguka. Kama shida yako ni mazingira, kaka, hii haikukatiwa hata kijiti kipya.

Jana nikaweka santuri aliyoimba baba na bendi yake. Mimi na santuri wapi na wapi! Nikaweka spidi siyo, marehemu akaimba mbiombio, sauti kama panya aliyebanwa na mlango.

Mama alikuwa hajatamka neno tangu mazishi. Kwenye simu nilikuwa nakwambia amelala. Basi akainuka kitini, akasogeza swichi mwenyewe.

"Mwache baba yako apumue," akasema.

Baba akaimba taratibu. Mama akadai chai, akaikuta haina sukari, akanigombeza mpaka jioni. Kaka, sijawahi kugombezwa nikafurahi hivi.

Piga simu. Hajalala.

Mdogo wako,
Kidomo