Chupa ya Tatu

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute kwenye kiti chako cha dirishani, si kitandani. Kama ni kitandani, niambie. Usimtume tena mama mdogo aandike kwamba wewe ni mzima. Hajui kudanganya, herufi zake huwa kubwa ghafla. Miguu inasemaje? Sindano za kufumia bado unazishika? Mimi sijambo, nimekonda kidogo tu, na usianze kulalamika.

Kazini kumechafuka, mama. Nikueleze taratibu, maana najua utamsomea kila anayepita.

Unakumbuka nilivyokueleza: seli huvunja protini zake kuukuu ili zijenge mpya, kama wewe unavyofumua sweta la zamani upate nyuzi za jingine. Kwako misuli inafumuliwa kwa kasi kuliko inavyofumwa. Profesa wetu alipata jina kwa dawa ya kupunguza kasi hiyo. Ushahidi wake ulikuwa chupa mbili za seli. Moja aliitia dawa, protini zikabaki. Nyingine hakuitia kitu, zikavunjwavunjwa. Watu wakapiga makofi, na sisi tuliokuja nyuma yake tukarudia vilevile bila kuuliza.

Sasa, dawa ile haikubali maji. Huyeyushwa kwanza kwenye kimiminika kikali. Siku moja nikiwa najaza chupa nikajiuliza, hicho kimiminika peke yake kinafanya nini? Swali la mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, na hakuna aliyewahi kuliuliza! Nikaandaa chupa ya tatu, kimiminika kitupu. Protini zikabaki palepale. Nikampa mwenzangu tunayemwita Kimya arudie bila kumwambia ipi ni ipi. Akapata yaleyale. Dawa haifanyi lolote, mama. Seli zilikuwa zimeleweshwa na kile kimiminika tu, kazi ya kuvunja ikazishinda.

Profesa akaniita ofisini, akafunga mlango. Alianza kwa upole, eti mimi ni kama binti yake, na chupa ya tatu haina haja ya kuonekana. Nilipokataa akageuka mbogo, akauliza ni nani aliyenipa meza na hadubini. Nikamjibu kwamba ni yeye, nashukuru sana, na chupa iko palepale. Akaniambia nichague, chupa au kazi. Wacha we! Nikaufungua mlango mwenyewe, nikarudi kwenye chupa zangu. Madaktari walipokuja kupanga namna ya kuwapa wagonjwa dawa hiyo, nikasimama mbele yao nikaonyesha chupa zote tatu. Kimya, ambaye hajawahi kufungua mdomo kikaoni, akasimama naye akasema amejaribu mwenyewe na ni kweli. Kesho yake kadi yangu haikufungua mlango wa maabara.

Sasa lile linaloniuma. Dawa hiyo ndiyo uliyokuwa ukiisubiri, ile uliyowatangazia majirani kwamba binti yako anaitengeneza. Haiji tena. Aliyeizuia ni mimi, kwa mikono yangu. Nimelia mpaka macho yamevimba, lakini radhi siombi, na mtu asinitake niombe. Si wewe uliyekuwa ukikuta kosa moja mgongoni unafumua sweta zima, mteja anafoka mlangoni, unamwambia asubiri au aende kifua wazi? Nilikuwa nimekaa chini pale, nakukusanyia nyuzi.

Ningenyamaza, ungeimeza, ingekuchoma tumbo bure, na kila asubuhi ungenishukuru. Hizo shukrani ndizo zilizonishinda.

Kimya amenitafutia kona kwenye maabara nyingine. Naanza upya, na safari hii naanza na chupa ya tatu. Msalimie mama mdogo, mwambie apunguze herufi. Kasirika ukitaka, Jumamosi nakuja unikasirikie uso kwa uso. Hata sindano nitakushikia.

Mwanao mkaidi,
uliyemfuma mwenyewe