Jicho Langu na Vibuyu Sita vya Arap Koros

Kimulot, Jumamosi, 1996. Mvua imeanza saa nane, na mimi nacheka peke yangu jikoni kama mtu amerukwa na akili.

Leo nimemlipa Arap Koros deni la mdomo wake.

Huyu jirani alitangaza kwenye kituo cha kupima majani chai ati nina jicho baya: nikiangalia mursik, maziwa yetu ya kugandisha, yanaharibikia kibuyuni. Mimi! Mtu nimefika Kampala kwa lori! Tangu hapo kina mama wakiniona wanafunika vibuyu. Nilifanya mzaha, lakini baba ya kijana anayetaka kumwoa Chelangat wangu akatuma neno: ngojeni kwanza, bado tunauliza-uliza. Msichana akaacha kula.

Koros humshindi kwa mdomo. Nilimwuliza, "Na ile ya Krismasi niliangalia ikawa tamu?"

"Siku hiyo jicho lilikuwa limelala."

"Na ile iliharibika nikiwa mbali, safarini Mulot?"

"Uliikumbuka."

Mimi niliishia darasa la saba, kwa hivyo nikampelekea maneno hayo mwalimu Nyaboke wa sayansi. Akasema, "Baba Chelangat, neno ambalo hakuna kitu kinaweza kulishinda, halipimiki. Koros aseme mapema ni nini kikitokea atakubali amekosea. Na wewe pia useme."

Na mimi pia!

Tukaandika. Vibuyu sita vya mke wa Koros, maziwa ya ng'ombe mmoja. Mwalimu alinifungia stoo na vitatu, nikavikodolea macho mpaka machozi yakatoka, kisha akavichanganya vyote, alama anazijua yeye tu. Koros akaweka sahihi: hivyo vitatu vitaharibika. Mimi nikaweka yangu: vikiharibika, siingii tena boma la mtu.

Wiki nzima nimejiuliza, na kama ni kweli?

Leo vimefunguliwa mbele ya watu, baba ya kijana akiwa muonjaji. Kimoja tu kimeharibika, na sikukiangalia. Ndani hakikusuguliwa vizuri ule mkaa unaohifadhi maziwa, lakini hilo nimelinyamazia. Mke wa Koros hana ubaya na mtu.

"Jicho lilikuwa limelala!" Koros akaanza. Mwalimu akamsomea karatasi yake mwenyewe, polepole, kama hukumu. Kicheko kilifika barabarani.

"Mkwe," baba ya kijana akaniambia, "hebu niongeze kikombe."

Mkwe!

Mwalimu anasema jaribio moja halitoshi, turudie. Turudie hata mara kumi. Lakini kesho kanisani nitakaa nyuma ya Koros kabisa, nimkodolee macho kisogoni mpaka baraka ya mwisho.