Skii za Kupandia na za Kuteremkia

Dada Mwajuma, shikamoo.

Huku Durban ni mvua na baridi tu. Leo mimi na mume wangu Hamisi tulikwenda kununua skii, zile mbao za kutelezea thelujini, tupande nazo milima ya Lesotho. Nilitaka nyepesi, nisichoke kupanda. Hamisi alitaka nzito, zisitetereke akiteremka kwa kasi. Muuzaji akatuletea za kati.

"Hizi zinawafaa nyote, mtakwenda pamoja."

"Kila mtu na zake," Hamisi akasema. "Mimi nitatangulia."

"Utanisubiri?" nikamuuliza.

Akageukia dirisha. Nikarudisha zangu rafuni.

Aende peke yake. Jumapili narudi nyumbani kwetu, nitandikie chumbani kwako. Nimekukumbuka mno, dada yangu.

Mdogo wako,
Saumu