Pointi za Fundi Cherehani

Kaka yangu mpendwa,

Huku tu wazima, magoti yangu tu ndiyo yanalalamika. Karatasi zako za kuuza duka la baba zimefika. Unasema supamaketi mpya ya ng'ambo ya barabara itanimeza. Basi nilikwenda kuwapeleleza, nikarudi na kadi yao ya uanachama. Ndivyo dadako alivyo mjanja.

Kwenye foleni nilimkuta jirani yetu, fundi cherehani, amejificha nyuma ya kikapu, mwili wote ule.

"Fundi, na wewe umenihama? Punguzo lao ni kubwa kiasi hicho?"

"Punguzo lenyewe halinunui hata kibiriti, dada. Ila nikipitisha kadi, mashine inaniambia nimefikisha pointi mia mbili. Nani mwingine ananihesabia jema?"

Miaka kumi na tisa ananunua uzi kwangu, na salamu yangu ni kumwambia asiegemee kabati.

Kwa hiyo nimebandika orodha ukutani, kila mteja wa siku nyingi na miaka yake. Fundi ndiye wa kwanza. Alikuja akaisoma mara tatu, akanunua sindano asiyoihitaji. Kesho yake akamleta mkewe aione.

Siuzi, kaka. Orodha nimeiandika nyuma ya karatasi zako. Ukizitaka, njoo uzibandue mwenyewe, fundi akikutazama.

Msalimie wifi.

Dadako, mwenye duka, na pointi zangu kumi na mbili